Mlio wa Ajabu Chini ya Pikapu Mpya: Sikiliza Kabla ya Kufungua

Pikapu ambayo bado ina dhamana ikianza kuvuma chini ya sakafu, usikubali fundi yeyote afungue giaboksi au difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) kabla hujalijaribu gari barabarani. Wakazi wa Malindi wanaweza kuvuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui na, penye nafasi na usalama, kufikia kilomita 80 kwa saa, kisha kutia gia huru bila kuzima injini, kwa kuwa injini ikizimika breki na usukani huwa vizito. Mlio ukiendelea vilevile ilhali mzunguko wa injini umeshuka, yaelekea chanzo kiko baada ya giaboksi: propela (shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu), difu, beringi za magurudumu au tairi zenyewe.

Mlio ukibadilika unapokanyaga na kuachia mafuta, ishuku difu. Ukizidi gari linapoegemea kulia kwenye kona, ishuku beringi ya kulia. Mshindo mmoja wakati wa kuondoka mara nyingi hutoka kwenye krosi (kiungo cha propela kinachopinda), au kwenye meno ya propela yaliyokosa grisi.

Tairi ndizo zinazosahaulika zaidi, na kwa maoni yangu ndizo za kuanza nazo, kwa sababu tairi zilizolika vibaya huvuma kama beringi mbovu kabisa. Hamisha za mbele ziende nyuma, na za nyuma ziende mbele. Mlio ukihama, difu haina kosa. Andika mwendo ambao mlio unasikika, urekodi kwa simu, kisha umpelekee muuzaji.