Meupe matatu: zinki, alumini na risasi

Juzi hapa Kisumu vijana wangu wa kidato cha nne walikuwa wakitafuta ni metali gani imo kwenye myeyusho wa chumvi, wakamimina sodiamu haidroksaidi kama mtu anayetia maziwa kwenye chai. Karibu wote wakaandika "hakuna mashapo", yaani hakuna chembe ngumu zilizojitenga na myeyusho. Yalikuwepo, ila yaliyeyuka kabla hawajatazama. Kwa hivyo, tone kwa tone.

1. Tia myeyusho unaoupima kwenye neli, kina cha sentimita 2, kisha matone 2 au 3 ya sodiamu haidroksaidi. Tikisa. Mashapo ya buluu ni shaba, ya kijani chuma(II), ya kahawia chuma(III). Hayo hayasumbui mtu. Yakiwa meupe, endelea kutia mpaka izidi. Yakikataa kuyeyuka, fikiria magnesi au kalisi. Yakiyeyuka, umebaki na wale watatu: zinki, alumini na risasi.

2. Chukua myeyusho mpya (usirudie neli ile ile, tafadhali!) utie amonia vivyo hivyo. Yakiyeyuka ikizidi, ni zinki. Yakibaki, ni alumini au risasi.

3. Myeyusho mpya tena, na matone ya potasiamu ayodaidi. Ukipata manjano ya kiini cha yai la kienyeji, hiyo ni risasi. Usipopata, alumini.

Ukitafuta salfeti, ile sehemu ya chumvi isiyo metali: myeyusho mpya, bariamu nitreti, halafu asidi ya nitriki. Meupe yasiyoyeyuka ndiyo yenyewe. Yakiyeyuka kwa povu, ni kaboneti.

Maswali

*Kondele:* Mwalimu, asidi ya nitriki imeisha. Nitumie ya salfuriki?
La, mwanangu. Hiyo ina salfeti ndani yake, utajitengenezea mashapo mwenyewe. Hidrokloriki itafaa, mradi myeyusho hauna risasi.

*Nakuru:* Nyumbani sina kemikali hata moja.
Magadi ya dukani je? Kamulia limau uone povu: kaboneti hiyo. Hata maji ya ziwa lenu yamejaa magadi. Gesi yake ukiipitisha kwenye maji ya chokaa, yanageuka kama maziwa.

*Kakamega:* Tukikosa ayodaidi, risasi tutaijuaje?
Chumvi ya jikoni iliyoyeyushwa majini. Risasi hutoa mashapo meupe. Pasha moto yatayeyuka, acha yapoe yatarudi. Alumini haitoi kitu. Ila risasi ni sumu: usiimwage kwenye sinki, na unawe mikono kabla hujashika andazi.