Mtoto akisema "watu wa bara wakorofi": nani amrekebishe, na vipi

Nyumbani kwanza. Mtoto wa miaka 4 tayari anawagawa watu kwa rangi, jinsia na lafudhi, na darasa la kwanza bado hajaliona.

Akitoa kauli kama hiyo, usimkaripie; atanyamaza mbele yako tu, dhana ibaki palepale. Muulize papo hapo: "Nani hasa? Alifanya nini?" Mara nyingi atamtaja mtu mmoja, tuseme kondakta wa matatu ya Likoni, hapa Mombasa. Basi sema naye habari za kondakta huyo, si za watu wote wa bara. "Watu wote ni sawa" haisaidii, maana haimpi cha kufikiria. Kibaya zaidi ni kumsifu jirani kwa "huyu si kama wenzake": hapo umeithibitisha dhana yenyewe. Na chunga ulimi wako unapopatana bei sokoni Kongowea. Mtoto aliyeshika kikapu anasikia kila neno la "hawa Wahindi" au "hawa Wagiriama".

Shule ina kitu ambacho nyumba nyingi hazina: watoto mchanganyiko. Kuwaketisha pamoja hakutoshi. Mwalimu agawe makundi ya watoto 4 au 5, kila mmoja apewe kipande cha kazi ambacho wenzake hawana, na alama iwe ya kundi. Wavulana nao wafagie, wasichana wabebe madawati. Makundi yabadilishwe kila muhula, yasije yakageuka vijikabila vipya.

Mzazi akiipinga kazi hiyo ya shule mbele ya mtoto nyumbani, aitwe shuleni mapema.