Ulikuwa mbunge wa mkoa Ontario, sasa unataka umeya? Soma hapa kwanza

Kuna watu wanadhani kutoka bunge la mkoa kwenda kugombea umeya ni kushuka ngazi, yani ulikuwa Queen's Park, kwenye bunge la Ontario, unatunga sheria za mkoa mzima alafu unaenda kuhangaika na magari ya taka, kwaio itakuwa rahisi tu. Waulize waliojaribu. George Smitherman alikuwa naibu waziri mkuu wa Ontario, akaacha yote akagombea umeya wa Toronto 2010, akapigwa na Rob Ford, diwani ambaye wengi mwanzoni hawakumchukulia siriasi. John Tory aligombea 2003 akakosa, akaenda kuongoza chama cha Progressive Conservative cha mkoa, huko nako hayakumnyookea, akarudi kwenye umeya 2014 ndo akapata. Haya ninayoandika ni ya Ontario tu, maana Canada kila mkoa una sheria zake za uchaguzi wa miji, Vancouver na Montreal kwa mfano zina vyama vyao vya jiji kabisa, huku hakuna.

Na hapo ndo penye mtego. Umezoea chama. Chama kilikupa rangi, kikakupa orodha ya wapiga kura, kikakupa vijana wa kugonga milango, na kusema ukweli nusu ya waliokupigia kura walikuwa wanapigia chama, jina lako walilisoma siku hiyohiyo. Kwenye karatasi ya kura ya umeya hakuna chama, kuna majina tu. Uchaguzi mdogo wa Toronto wa Juni 2023 ulikuwa na wagombea 102. Mia na mbili! Mtu anashuka na kidole anatafuta jina analolijua, kama hakujui anakupita.

Kwaio anza na ramani. Toronto ina kata 25 na mipaka yake imefuata majimbo ya uchaguzi, maana yake wewe uliyekuwa mbunge wa mkoa wa jimbo moja unajulikana vizuri kwenye kata moja kati ya 25, zile nyingine 24 ni mgeni. Wabunge wengi hawaliamini hili mpaka waone matokeo. Mitzie Hunter alikuwa mbunge wa Scarborough-Guildwood na aliwahi kuwa waziri wa elimu wa mkoa, 2023 akaachia kiti akagombea umeya, akaishia mbali sana na Olivia Chow aliyeshinda. Chow naye alikuwa amewahi kuwa mbunge, tena wa bunge la taifa kule Ottawa, lakini kabla ya hapo alikaa miaka mingi kwenye baraza la jiji hilohilo, na 2014 alishagombea umeya akashindwa. Jiji zima lilikuwa linamjua. Kama unaweza, anza miaka miwili kabla: nenda kwenye vikao vya kata zisizo zako, kaa nyuma, usiombe maiki.

Miji midogo kidogo hili linapungua makali. Andrea Horwath alikuwa diwani Hamilton tangu 1997, akaingia bunge la mkoa 2004, akaongoza chama cha NDP cha Ontario miaka 13, alafu 2022 akarudi nyumbani akawa meya wa Hamilton. Na bado ilikuwa mbinde. Kiongozi wa chama aliyejulikana mkoa mzima, ila ushindi ulikuwa mwembamba.

Sasa kujiuzulu. Uchaguzi wa miji Ontario ni kila miaka 4, Jumatatu ya nne ya Oktoba, unaofuata baada ya ule wa 2022 ni tarehe 26 Oktoba 2026. Fomu zinaanza kupokelewa Mei 1 na zinafungwa Ijumaa ya tatu ya Agosti saa 8 mchana. Sheria inakuruhusu kuchukua fomu ukiwa bado mbunge, ila mpaka dirisha linafungwa uwe umeshaachia kiti, usipoachia huna sifa. Wengi wanavuta mpaka Agosti kwa sababu ya mshahara, mimi naona ni kosa. Ukikaa na kiti cha mkoa miezi mitatu huku unaomba kura za jiji, kila swali utakaloulizwa litakuwa hilo, unatoka lini, unatoka lini.

Fomu yenyewe haina ugumu. Ada ya umeya ni dola 200, udiwani 100. Unahitaji sahihi 25 za watu wenye haki ya kupiga kura kwenye jiji hilo. Usiwape wasaidizi wakukusanyie, zitafute mwenyewe, kila anayesaini anajaza jina na anwani yake, na ukiangalia ile karatasi ikijaa utaona jambo moja: kama anwani zote 25 zinatoka mitaa mitatu ya jimbo lako la zamani, basi hiyo karatasi imeshakwambia ramani yako ilivyo. Irarue anza upya, zitafute jiji zima. Hakuna sheria inayotaka hivo ila utajifunza kuliko kura yoyote ya maoni.

Pesa hapa lazima uwe makini maana tabia za chama zitakuponza. Kabla hujarudisha fomu hurusiwi kukusanya wala kutumia hata senti ya kampeni. Chama cha mkoa hakiwezi kukuchangia, kampuni haziruhusiwi, vyama vya wafanyakazi pia hapana, ni watu binafsi tu, mwisho dola 1,200 kwa mtu mmoja, umeya wa Toronto peke yake ndo 2,500. Keshi isizidi dola 25. Yani yule tajiri rafiki yako aliyekuwa anakuja na cheki ya kampuni, mwambie atoe kwenye akaunti yake au akae nyumbani.

Alafu milangoni. Hapa ndo wabunge wanaumbuka. Unagonga, mama anafungua mlango nusu, mkono mmoja kashika mbwa kwenye kola, anakuuliza mbona theluji ya mwaka jana walisukumia yote kwenye kinjia cha gari yake. Wewe unaanza kumweleza ulivyopigania bajeti ya hospitali. Hospitali ni ya mkoa, na huyu mama hataki hospitali, anataka kinjia. Sifa zako zote za bungeni, afya, elimu, vyuo, ni vitu ambavyo meya hashiki. Jifunze upya: kodi ya majengo, mabasi, zimamoto, taka, vibali vya ujenzi, mabwawa ya kuogelea. Jifunze pia kwamba jiji haliruhusiwi kupanga bajeti ya matumizi ya kawaida yenye nakisi, mkoa unaweza kukopa ukafunika shimo, wewe huwezi, ama unapandisha kodi ama unakata huduma.

Usidhani pia wewe ndo mwanasiasa wa mkoa peke yako. Brampton 2018 Patrick Brown, aliyekuwa kiongozi wa upinzani mkoani mpaka Januari mwaka huohuo, alimng'oa meya Linda Jeffrey, na Jeffrey naye alikuwa waziri wa zamani wa mkoa. Na Brown hakuanza na Brampton, alikuwa anagombea uenyekiti wa mkusanyiko wa miji ya Peel, serikali ya mkoa ikafuta uchaguzi wa kiti hicho katikati ya safari, ndo akahamia huko.

Ukishinda, unaapishwa Novemba na kazi ya kuhesabu inaanza. Toronto baraza lina madiwani 25 na wewe wa 26, kupitisha jambo unahitaji 14. Bungeni mnadhimu wa chama alikuwa anakuletea kura zimefungwa kama kifurushi, huku kila diwani ni chama chake mwenyewe. Chukua karatasi andika majina 26, weka alama kwa wa ndio, wa hapana, na wa "tutaona", alafu wapigie wa "tutaona" mmoja mmoja usiku kabla ya kikao. Wanachotaka mara nyingi ni kidogo tu, taa za barabarani kwenye makutano fulani. Tangu Novemba 2022 mameya wa Toronto na Ottawa walipewa madaraka makubwa, kura ya turufu ikiwemo, na baadae yakasambazwa miji mingine mingi, ila ukitumia turufu ovyo wale 25 watakukumbuka miaka minne yote.

Na juu yako bado yupo bosi wako wa zamani. Kisheria jiji ni mtoto wa mkoa. 2018 serikali ya mkoa ilipunguza baraza la Toronto kutoka 47 waliopangwa mpaka 25 wakati kampeni zimeshaanza, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Canada na 2021 mkoa ukashinda kwa majaji 5 dhidi ya 4. Hapa ndo ubunge wako unalipa: namba za simu za Queen's Park unazo, unajua katibu gani anasoma barua na yupi anazitupa. Kwaio siku unajiuzulu usiondoke kwa kutukana mtu.

Kitu kimoja ambacho washindi wanasahau: ripoti ya fedha za kampeni inatakiwa Ijumaa ya mwisho ya Machi saa 8 mchana mwaka unaofuata. Kuna siku 30 za nyongeza kwa faini ya dola 500, zikipita hizo hujapeleka unapoteza umeya na uchaguzi unaofuata hugombei. Ukiipeleka kwa wakati, zile dola 200 za fomu wanakurudishia.