Kabla hujafungua kampuni ya teknolojia Arusha, angalia kalenda

Vijana wanaonifuata kuulizia startapu huanza na BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara: usajili ni shilingi ngapi, unachukua siku ngapi. Mimi nawauliza wanataka kuanza mwezi gani. Wengine hudhani nakwepa swali.

Pesa ya Arusha ina msimu. Wageni hujaa Juni mpaka Oktoba, wakaja tena kuanzia Desemba hadi Februari. Masika yakiingia, Machi mpaka Mei, baadhi ya kambi hufungwa, Land Cruiser hulala gereji na madereva wengi hurudi nyumbani. Usijidanganye kwamba programu yako haihusiani na utalii. Muuza vipuri, mama anayepeleka mboga hotelini, dobi, fundi magari, wote hao wanasubiri mgeni yuleyule. Ukiteremka Moshi utakuta wapanda mlima na, zaidi ya hao, kahawa.

Sisi tulikuwa watatu na tulianza Februari, na mfumo wa kupanga safari, magari na madereva kwa kampuni ndogo za utalii. Kwa ukarimu tukawapa wateja miezi mitatu ya kujaribu bure. Piga hesabu mwenyewe: Machi, Aprili, Mei. Hakuna aliyeufungua kwa sababu hakuna safari iliyokuwa ya kupanga. Juni tukaanza kudai malipo, na wakati huo mtu hana hata dakika kumi za kujifunza kitu kipya, simu zinaita tangu saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo kabla ya jambo lingine lolote, tafuta akiba ya kuvuka masika nzima bila kuingiza senti, halafu ongeza miezi miwili ya watu wanaosema "wiki ijayo nakutumia".

Pili, hakikisha unajua kitu unachotaka kukiondoa. Meneja mmoja pale Njiro, mama mtu mzima, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kaunta buku yenye jalada jekundu lililobanduka kona. Humo kulikuwa na kila kitu: jina la mgeni, ndege anayofika nayo uwanja wa KIA, gari, dereva, asiyekula nyama, deni lililobaki. Akaigonga kwa kidole. "Mdogo wangu, hiyo yenu nzuri. Ila simu ikikosa mtandao huko porini, hili halikosi." Tulikuwa tumetengeneza kitu kinachodai intaneti kila mara, kwa watu ambao nusu ya kazi yao iko mahali ambapo intaneti inakuja na kupotea. Nenda ukakae na mteja siku nzima kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu. Halafu omba pesa mapema, hata elfu kumi, kwa lipa namba. Sifa haziingii kwenye salio.

Tatu, waanzilishi wenzako. Hapa ndipo nimeona urafiki wa tangu shule ukifia. Andikeni kabla ya kusajili: nani ana hisa ngapi, nani yuko muda wote na nani anakuja jioni baada ya ajira yake, na anayeondoka mapema anaondoka na nini. Mtindo wa hisa kupatikana kidogokidogo kwa miaka minne, na mwaka wa kwanza ukiwa wa majaribio, si wa wazungu peke yao, unamlinda anayebaki. Andikeni pia kwamba programu ni mali ya kampuni, hata kama kijana wa nje alilipwa kuiandika. Na angalieni jina la tovuti na hifadhi ya msimbo wa programu vimefunguliwa kwa barua pepe ya nani. Vyetu vilikuwa kwa jina la mwenzetu mmoja. Alipopata kazi Dar na kuondoka bila kuaga vizuri, tulikaa wiki tatu tukibembeleza nywila ya mali yetu wenyewe.

Usajili wenyewe ndio sehemu nyepesi. Unafanyika kwenye mtandao wa BRELA, na mtahitaji namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) na TIN (namba ya mlipakodi), basi anayesubiri NIDA yake aanze kuifuatilia leo. Tofautisha tu jina la biashara na kampuni. Jina la biashara ni wewe mwenyewe umevaa kofia. Deni lake ni deni lako, na hakuna hisa za kumuuzia mwekezaji. Kampuni ni mtu anayejitegemea mbele ya sheria. Baada ya hapo ni TRA, yaani mamlaka ya mapato, kisha leseni ya biashara.

Kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30 ya faida, na hulipwa kwa makadirio katika awamu nne. Kwa anayefunga hesabu Desemba, awamu ya kwanza ni mwisho wa Machi, yaani mlangoni mwa masika. Awamu ya pili mwisho wa Juni, wageni ndio kwanza wanafika. Kadiria kwa akili na tenga hela ya TRA Januari ikiwa bado ipo. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, itakusubiri mpaka mauzo ya mwaka yafike shilingi milioni 200. Ukiajiri, mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, mnaugawana na mwajiriwa, na PAYE, kodi ya mshahara wa mwajiriwa, hukatwa kila mwezi. Vijana wa kuajiri wapo: Chuo cha Uhasibu kiko hapohapo Njiro, Chuo cha Ufundi kiko mjini, na taasisi ya sayansi na teknolojia ya Nelson Mandela iko Tengeru.

Ukishika pasipoti za wageni, umeshika mzigo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ina masharti pia kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi, na seva uliyokodi kwa bei chee huenda iko Ulaya. Soma kabla mteja mkubwa hajakuuliza, maana atakuuliza.

Ofisi? Achana nayo mwaka wa kwanza. Kodi ya chumba kimoja karibu na Mnara wa Saa, inayodaiwa miezi sita mbele, ni hela ya mishahara. Nunua betri ya kuvukia umeme ukikatika na laini mbili za mitandao tofauti.

Aprili iliyofuata, mvua ikinyesha na mjini hakuna mgeni, tulirudi kwa yule mama tukiwa wawili. Safari hii alikuwa na nafasi. Akaagiza chai, akafungua kaunta buku na kutusomea safu moja baada ya nyingine, akieleza kwa nini deni liko mwisho na nyama iko kabla ya gari. Zilikuwa safu saba. Skrini yetu ya kwanza sasa ina hizohizo saba, kwa mpangilio wake, na inafunguka bila mtandao.