Jinsi ya kupata spektra safi ya radikali ya CaOCH3

CaOCH3 ni radikali (molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake) nzuri ya kuanzia: inang'aa sana, na mpito wake (kuruka kwa elektroni kati ya ngazi mbili za nishati) wa karibu nm 629 unafikiwa na leza ya kawaida ya rangi, ile inayotumia kimiminika chenye rangi. Mwaka 2020 watafiti wa Harvard waliipoza kwa leza wakitumia mpito huohuo. Kinachosumbua ni CaOH, inayozaliwa na maji yaliyobaki kwenye mabomba na kung'aa karibu nm 626, mlango wa pili tu.

Molekuli huzaliwa leza inapopiga fimbo ya kalsiamu na mvuke wake kukutana na methanoli. Sugua fimbo hiyo kwa msasa hadi ing'ae, kisha iingize kwenye ombwe upesi, maana hewani hushika oksidi na hidroksidi. Hata hivyo mapigo mamia ya mwanzo ya leza huwa machafu, yaache yapite. Fimbo izunguke na kusogea muda wote. Ikikwama, leza huchimba shimo na ishara hufifia.

Methanoli iweke kwenye barafu. Kwa 0 °C mvuke wake ni kama kPa 4, hivyo argoni ya kPa 400 ikipita juu yake hubeba karibu 1%. Valvu ifunguke kwanza. Gesi ikifika kwenye fimbo ndipo leza ya YAG (leza ya fuwele) ya nm 355, mJ 5 hivi, ipige. Usiongeze nguvu ukidhani utapata molekuli zaidi: plazma hupata joto, molekuli huvunjika, na zinazosalia hazipoi vizuri. Argoni husafiri karibu m 550 kwa sekunde, kwa hiyo sm 15 mbele ishara itegemee baada ya mikrosekunde 270 hivi. Mwanga unaoonekana mapema zaidi ni wa plazma. Ukate kwa kuchelewesha dirisha la kupokea.

Leza ya kupima ikate mkondo wa molekuli kwa pembe mraba kabisa. Kwenye nm 629, kila mita 1 kwa sekunde ya mwendo kuelekea leza husogeza mstari MHz 1.6. Mkondo unaotawanyika miliradiani 10 kila upande hutanua mstari hadi karibu MHz 17, na kwa asili yake una MHz 6 au 7 tu. Tundu la kuchuja mkondo likiwa pana, unapoteza kazi yote.

Sasa tambua mistari. CaOCH3 ina B (kipimo cha nafasi kati ya ngazi za mzunguko wa molekuli) ya karibu GHz 3.5, hivyo mistari ya tawi moja la R au P (mzunguko ukipanda au ukishuka hatua moja) hukaa kwa hatua za takriban GHz 7 (2B); ya CaOH hukaribia GHz 20. Ukitaka uhakika, badilisha methanoli kwa maji: mistari inayokua ni ya CaOH. Na usitafute K=0 peke yake (K ni namba ya mzunguko wa molekuli kuzunguka mhimili wake). Hidrojeni tatu za methili hugawa molekuli katika makundi mawili ya spini ambayo migongano haiyabadilishi, kwa hiyo K=1 hubaki imejaa hata kwenye kelvini 5. Wengi huiacha, kisha hushangaa kwa nini nusu ya mistari haielezeki.

Rekodi seli ya iodini (mistari yake inajulikana) na etaloni (vioo viwili vinavyotoa alama za umbali sawa) sambamba na kila skani, si kesho yake: leza huteleza. Mistari ya kawaida ya iodini ina upana wa MHz mamia. Ukihitaji usahihi wa MHz chache, tumia ufyonzaji uliojazwa, mbinu ya miale miwili inayopishana ambayo huondoa upanuzi unaoletwa na mwendo wa molekuli.