Somo: Programu inayojirekebisha bila kumpokonya mtumiaji usukani

Programu inayojirekebisha ni ile inayobadilisha mpangilio wake yenyewe kwa kufuata mazoea ya mtumiaji. Mfano wetu ni programu ya kurekodi mazao anayotumia karani wa mizani katika soko la nafaka la Kibaigwa, ambaye msimu wa mavuno huingiza magunia ya mahindi na alizeti huku wenye malori wakimhimiza.

Hatua ya 1: Amua mapema ni vitu gani havitahama kamwe. Vitufe vya Hifadhi, Futa na Toa Risiti vibaki palepale, kwa sababu karani mzoefu hasomi tena maandishi. Kidole kinakwenda chenyewe. Programu ikiona kwamba wiki hii alizeti imezidi mahindi, kisha ikabadilisha nafasi za mazao hayo mawili kimyakimya, karani atapima alizeti na kuandika mahindi, na kosa litajulikana jioni wakati wa kufunga hesabu. Badala yake, tenga sehemu ndogo juu ya skrini yenye nakala za mazao matatu yanayochaguliwa zaidi, na orodha kamili iliyo chini usiiguse.

Hatua ya 2: Badiliko kubwa liombe ruhusa na litaje sababu: “Leo umechagua alizeti mara nyingi. Tuiweke juu?” Akijibu hapana, jibu hilo likumbukwe; kumuuliza tena kesho ni usumbufu.

Hatua ya 3: Weka kitufe cha Rejesha Mpangilio kwenye skrini hiyohiyo. Menyu za Microsoft Office 2000 zilificha amri zisizotumika sana, na chaguo la kuzionyesha zote daima lilikuwapo, ila lilikaa ndani ya mipangilio ambako wengi hawafiki. Word na Excel za 2007 ziliachana na menyu hizo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mbona mapendekezo ya maneno kwenye kibodi ya simu hubadilika kila mara na hatulalamiki?

Ndugu, hubadilika ndani ya ukanda wao tu. Herufi hazihami, na neno usilolibonyeza halijiandiki. Usahihishaji wa kujiendesha ndio unaokera, hasa unapogeuza jina la Kigogo kuwa neno la Kiingereza bila kuulizwa.

Je, makarani wawili wakipokezana kompyuta moja?

Kila mmoja awe na akaunti yake. Ikishindikana, zima mapendekezo kabisa, kwani yatafuata mazoea ya aliyetangulia na kumchanganya anayeingia zamu.