Uyoga wa eringi: kikaango kikavu kwanza

Ukibahatika kupata uyoga wa eringi hapa Bukavu, ule wa shina nene jeupe na kofia ndogo, usianze na mafuta. Kata shina vipande vya mviringo vyenye unene wa sentimita 2 hivi, chora mistari ya kukatana juu yake kwa ncha ya kisu, vipange kwenye kikaango kikavu kilichokwisha kushika moto, kisha vikandamize kwa sufuria ndogo yenye maji. Uyoga karibu wote ni maji; yakitangulia kutoka, mafuta yatakaanga badala ya kunyonywa kama na sifongo. Mchemko ukinyamaza na upande wa chini ukipata rangi ya kahawia, geuza, tia mafuta na kitunguu saumu. Chumvi mwisho kabisa, maana ikiwahi huvuta maji nje, na kahawia huipati. Kwa bugali na pilipili, mimi nyama siikumbuki. Haifaulu ukijaza kikaango, wala makala ya mbabula, yaani jiko la makaa, yakififia: vipande vitachemka tu. Na uyoga wa porini usiupike hivi. Huo unataka kuiva sana, tena uwe umetambuliwa na mtu anayeujua kweli.